Msalaba Usio na Ila

Mtaa wa Cuesta del Aire 9,
Benalmez.
5 Mei

Mpendwa binamu Consuelo,

Kwa taadhima kubwa, na kofia nimeivua, natangaza kwamba mimi Casimiro, mwenye miaka hamsini na miwili na kitambi cha mtu wa sitini, nimevuliwa rasmi cheo cha Mlinzi wa Tufaha. Taifa litulie.

Sasa salamu. Hujambo wewe, na shemeji, na wanao? Baridi ya huko Ajentina imeshaanza kuuma? Sisi tu wazima, isipokuwa magoti ya mama yako, ambayo hulalamika kuliko yeye mwenyewe.

Juzi ilikuwa Sikukuu ya Msalaba. Mji mzima ulikuwa barabarani, maharagwe mabichi mkono mmoja, mkate wa chumvi mkono wa pili, na wanawake wakicheza mpaka visigino vikachoka. Unajua Shangazi, mama yako, amepamba msalaba wa mtaa wetu kwa mashindano ya misalaba miaka kumi na mmoja bila kushinda hata mara moja. Safari hii aliapa: "Nikishindwa, sipambi tena. Magoti yamekataa."

Wanao wakikuuliza mkasi na tufaha tunavyoweka sahanini mbele ya msalaba ni vya nini, waambie tufaha lile huitwa "pero", na "pero" kwa Kihispania ndiyo pia "ila". Ukilichoma mkasi mbele ya msalaba, hakuna atakayethubutu kutia ila. Kazi ya kulilinda nilipewa mimi.

Saa sita mchana wakaja waamuzi, wakiongozwa na Bi. Purificación, yule mwalimu aliyetuchapa rula sote. Akauzunguka msalaba polepole.

"Maua mazuri. Shali nzuri. Ila..."

Shangazi akajishika kiuno. "Ila nini, mama? Angalia ulimi, mkasi huo hapo!"

"Ila yenyewe iko wapi?"

Tukatazama. Mkasi ulikuwa peke yake sahanini, mdomo wazi. Shangazi hakupepesa jicho.

"Hapa hatuna ila!"

Consuelo, Bi. Purificación alicheka mpaka akavua miwani! Tukapewa ushindi wa kwanza. Mama yako aliipakata sahani ya tuzo tuliyopewa kama mjukuu, akasema angependa ungekuwepo.

Sasa mji mzima unasifu werevu wake, eti alipanga tangu mwanzo. Hakupanga kitu. Nilikuwa nimebeba vyungu vya maua tangu alfajiri bila hata kahawa. Shangazi alipoingia ndani kubadili viatu, nikalila lile tufaha. Nilidhani nitanunua jingine, nikasahau kwamba siku ya sikukuu maduka hufungwa.

Waamuzi walipoondoka, alinishika sikio. "Lilikuwa tamu?"

"Tamu, Shangazi, ila..."

"Malizia neno hilo! Mkasi bado ninao."

Nisalimie shemeji na watoto, na ndugu yetu Fulgencio ukimwona. Mungu awalinde mchana na usiku, na matufaha yenu pia.

Nduguyo akupendaye, mwenye sikio jekundu,
Casimiro