Kaburi la Sponji

Jumatano. Mvua imenyesha asubuhi ikakata, jua halikutoka, na ziwa limeshinda rangi ya kijivu. Nimerudi nyumbani mapema lakini sina raha. Chai imepoa mbele yangu na siitaki.

Leo bosi alitutuma sisi wa mapokezi kwenye ile ziara ya kutembelea sehemu ilikopigwa filamu ya malkia wa ziwa. Wageni wa hoteli wanatuuliza kila siku: malkia wa ziwa aliibukia wapi, joka lilimeza mtumbwi upande gani. Bosi akasema huwezi kumuuzia mgeni kitu usichokijua. Nikaenda huku najichekea. Mimi, mtoto wa Ujiji, nioneshwe Ujiji?

Aliyetutembeza anaitwa Shabani, kijana wa Buzebazeba. Kwenye filamu aliigiza askari wa malkia na akafa mwanzoni kabisa, lakini anavyosimulia utadhani filamu nzima ilikuwa yake. Alituonesha mwamba alikosimama malkia. Mimi ule mwamba naujua, wanaanikia dagaa. Nilicheka na wenzangu njia nzima mpaka tukafika Kasingirima, kwenye makaburi.

Si makaburi ya kweli. Waliyajenga karibu na ufuo kwa ajili ya filamu, plaiwudi na sponji, juu wakapaka saruji nyepesi. Mengi yameshaliwa na mvua. Limebaki moja, la mvuvi aliyechukuliwa na malkia, na jiwe lake limechorwa herufi za kubuni ambazo hakuna mtu duniani anayeweza kuzisoma.

Shabani akashusha sauti. "Hili sisi hatulifagii, na mlinzi hatuna. Lakini kila tukija tunalikuta safi. Sasa niambieni nyie, nani anafagia?"

Wenzangu wakashikana mikono. Mimi nilikuwa bado nacheka nilipouona ufagio.

Ulikuwa umeegemezwa nyuma ya jiwe. Ufagio wa njiti za mchikichi, umefungwa kwa kitambaa cha zambarau. Kile kitambaa ni sare yangu ya zamani ya kazini. Niliichana mwenyewe nikampa mama.

Kaka yangu Yusufu alikwenda kuvua dagaa, upepo ukageuka. Mtumbwi ulipatikana, yeye hakupatikana. Aliswaliwa bila mwili, tukakaa matanga, watu wakatawanyika. Tangu hapo jina lake halitajwi nyumbani. Kila Ijumaa, majirani wakienda makaburini kuwazuru watu wao, mama husema anakwenda Kasingirima kwa mdogo wake. Sikuwahi kumuuliza mama mdogo kama kweli huwa anafika.

Pale chini palikuwa pamefagiwa hata jani halikuwepo. Pembeni pamezungushiwa mawe ya ziwani, na upande wa kichwani umepandwa mrehani. Mimi si mtu wa kuogopa majini wala mizimu. Niliogopa kwa sababu pale palifanana kabisa na mahali alipolala mtu.

Tukapanda bajaji kwenda Rusimbi, kwenye karakana yao.

Ni ghala la zamani, linanuka gundi. Fundi wao ni mama mmoja mchangamfu aliyehamia kutoka Mwanza. Akatuonesha mapanga ya mbao yaliyopakwa rangi ya fedha, mafuvu ya plasta, na mkia wa joka ulioshonwa kwa mipira ya baiskeli. Kisha akafunua turubai.

Alikuwa mwanamume aliyekufa maji. Ngozi ya mpira, imevimba, wavu umemzunguka shingoni, macho wazi.

"Huyu ni wa sehemu ya pili," fundi akasema. "Mwezi ujao tunalipasua lile kaburi la Kasingirima, mvuvi anatoka. Macho hayo yamenisumbua, jamani, nimeyarudia na kuyarudia."

Wenzangu wakajipanga kupiga naye picha. Wakaniita nisogee. Nilitoka nje nikasingizia joto, na joto halikuwepo.

Njia nzima nilikuwa nawaza jambo moja. Nikinyamaza, Ijumaa fulani mama atafika na ufagio wake akute shimo.

Nilimkuta uani anachambua mchele. Nilimwamkia, nikakaa chini, nikamwambia yote kwa mkupuo: ufagio, kupasuliwa kwa kaburi, na yule wa chini ya turubai. Nilitegemea alie. Afadhali angelia.

"Najua ni sponji," akasema. "Siku ya kwanza nilibonyeza, kidole kikazama. Sasa mwanangu nikamfagilie wapi? Ziwa halifagiliki."

Mkono wake uliendelea kupitapita kwenye ungo. Baadaye akauliza, bila kuniangalia, "Na huyo atakayetoka, wamemfumba macho?"

"Wamemfumba, mama."

"Afadhali," akasema. "Yusufu sikuwahi kumfumba." Akapepeta mchele, akaingia ndani kuswali alasiri.

Ndiyo hivyo. Nimeyaandika haya na bado nawaona wote wawili, yule wa mpira na huyu wa kwetu, na kila nikijaribu kuwatenganisha wanarudi kuwa mtu mmoja. Nilimdanganya mama na nisingeweza kujibu vingine.

Kesho kabla ya zamu nitapita Rusimbi kumwomba yule fundi amfumbe macho. Najua kwenye filamu lazima atoke anaangalia, ndiyo hadithi yenyewe, na sitaki kumharibia mtu kazi yake. Nitamwomba amfumbe mpaka siku hiyo tu. Akiona nimerukwa na akili, na aone. Ijumaa nakwenda na mama Kasingirima, na nataka tukichutama pale, nilichomwambia kiwe kweli.