Bismillahi Yako na Jiwe la Rajabu

Baba Rajabu,

Salamu zikufikie huko ulikotutangulia, Mola akulaze pema. Sisi tu wazima hapa Usagara, ila nyumba imekuwa kubwa bila wewe.

Mume wangu, mwanao anasoma fizikia! Mtaa huu hakuna mwanamke ambaye sijamwambia. Juzi bombani Bi Zainabu kanirushia: "Mama Rajabu, wako apima jiwe linaloning'inia, wetu wapima unga, na jioni twala wote." Nikamjibu, wa kwako naye apime, tuone! Hata mimi sasa najua saa hutazamwa kwa juu. Ukiitazama ubavuni, mshale wakudanganya. Rajabu kanifunza.

Lakini liko jambo limenishinda, na sina mwingine wa kumwambia.

Shuleni mwenzake hubonyeza saa, Rajabu akaliachia jiwe, wakahesabu linavyokwenda na kurudi. Kila mara muda wake wazidi wa wenzake. Arudie atakavyo, wazidi vilevile. Mwalimu akasimama kumtazama, ndipo akaona: saa ikishabonyezwa, mwanao husema bismillahi kwanza, kisha ndiyo aachie. "Neno ni jema, kijana," akamwambia, "lakini saa haingoji. Liseme mapema."

Analisema mapema. Mkono haukubali. Wangoja tena, kidogo tu, kama pumzi moja. Jana alitundika jiwe kwenye boriti, nikashika saa yako ya mkono, tukajaribu hadi akalia. Wakumbuka ulivyomshika akichinja kuku wake wa kwanza? "Mkono usitangulie ulimi, mwanangu." Ulimfunza, akafunzika. Sasa nani wa kuufunza mkono ule mengine? Mimi, wa darasa la pili?

Nilimwambia, "Basi achia upesi, baba." Akasema, "Mama, nikiharakisha naona kama nimemtupa baba."

Nikaifunga saa yako kitambaani, nikairudisha sandukuni.

Kesho ndio mtihani wenyewe, wa kupima. Akianguka, masomo yameishia hapo. Bombani nimeshatangaza, wacha wanicheke, hilo si kitu. Ni yule mtoto, Baba Rajabu. Siwezi kuingia naye. Siwezi kumshikia jiwe. Nitakaa nje ya ukuta wa shule na chai yake. Ahadi yangu ni hiyo tu, sina nyingine: akitoka, kafaulu au kaanguka, wa kwanza kumwona ni mimi, wala sitamuuliza saa ilisema nini.

Pumzika, mume wangu.

Mwanaidi wako