Dirisha la Chumba cha Baba Yenu

Rumaisa na Nawaf,

Maharage nimeshachemsha, yaungeni kwa nazi. Mie nimekwenda Tandale kwa shangazi yenu, nitarudi baada ya alasiri.

~~Chumba cha baba yenu msikiguse.~~

Rumaisa mwanangu, asubuhi nilikujibu vibaya. Uliniambia taratibu tu kwamba kile kipimo ulichokiweka miezi mitatu chini ya kitanda kinaonyesha radoni, hiyo gesi ya ardhini, imezidi chumbani mle. Kwingine hakuna neno. Nikakuuliza, "Unataka kumtoa baba yako mara ya pili?" Ukaenda kuosha vyombo.

Nikakaa kitandani kwake, nikawa kama naota. Tangu tumzike sijafungua lile dirisha. Kila Ijumaa nafukiza udi wake, naziba chini ya mlango kwa kanga, na kanzu zake ukutani zinanukia kama ndo kwanza katoka msikitini. Kumbe na hiyo gesi isiyo na harufu naifungia humo humo, na Nawaf ndo anayelala humo akiivuta. Ulisema mapafu huharibika polepole, mtu hajui.

Basi Nawaf, hamishia godoro sebuleni. Rumaisa, toa kanga, fungua dirisha na mlango, vikae wazi. Mwiteni fundi Mwinshehe azibe ule ufa wa sakafu unaopitisha gesi, halafu upime tena.

Kanzu yake moja nimeikunja, nimeitia kwenye kasha langu, na ufunguo ninao. Hilo tu mniachie limefungwa.

Mama yenu