Meno Haya Siyatoi

Kara-Kujur, Naryn
14 Julai

Mpendwa mwanangu Saikal,

Hujambo huko Bishkek, na joto linakuacha ulale? Binti yako Aizirek anakula vizuri? Sisi huku malishoni tu wazima, ila baba yako mkubwa Turdakun bado analilalamikia goti lake.

Vidonge ulivyotuma nilivipata. Uliandika kwamba vina vijidudu vyema vya kutuliza fizi, na kwamba viko hai. Sasa mimi kitu kilicho hai sikimung'unyi kama peremende. Nilivitia vyote thelathini kwenye kiriba cha kumisi, vikae na wenzao kwenye maziwa ya farasi yanayochachuka, nikasukasuka mpaka mkono ukauma. Turdakun alicheka mpaka akakaa chini. “Bibi we, umekipa kiriba dawa ya meno. Kesho kitaota magego.”

Acha acheke.

Aliyeniudhi ni yule daktari wa meno wa mjini. Aliyatikisa meno yangu manne ya mbele, akasema yang'olewe, nivae ya bandia. Nikamuuliza komuz yangu ya chuma, ala ya kupigwa mdomoni, nitaibana kwa kitu gani nikiipiga. “Mama, kwa umri huo bado unapiga muziki?” Nilishuka kwenye kiti chake nikaondoka na meno yangu. Sirudi.

Komuz ile aliniachia mdogo wangu, mama yako, siku chache kabla hajafariki, na wimbo wake hakuna mwingine aujuaye. Jirani yetu Kalipa alijaribu kupiga na meno ya bandia. Yalicheza mdomoni, chuma kikanyamaza, nikalia mimi badala yake.

Basi napambana. Napiga mswaki asubuhi na jioni kama ulivyoniamuru, sukari nimeiacha, kumisi nanywa. Tangu mwisho wa Juni fizi hazitoi damu. Kama ni vijidudu vyako, vyangu, au ni mswaki, mtabishana ninyi wasomi. Jino moja bado limelegea, sikufichi.

Kwa hiyo mlete Aizirek mwezi wa nane, kabla jino hilo halijaamua kuondoka. Nataka aupokee wimbo wa bibi yake kutoka kwenye meno haya haya. Jana niliupiga wote mpaka mwisho, na Turdakun hakucheka.

Nisalimie mumeo Emilbek na mama mkwe wako. Mungu awalinde njiani, na ampe Aizirek meno magumu.

Mama yako mkubwa akupendaye, mwenye manne yake ya mbele,
Burmakan