Karatasi Iliyokuwa Mfukoni

Nyumba za Wauguzi,
Chumba cha 9.
12 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Unaendeleaje na hiyo baridi ya huko? Huku hatujambo, ila baba kikohozi kimemganda. Chakula anakula vizuri.

Shangazi, mimi si msimamizi wa wodi tena. Nakuandikia mwenyewe kabla habari hazijakufikia zimeongezwa chumvi.

Wiki mbili zilizopita, mgonjwa wa kitanda cha sita, fundi cherehani mwenye kisukari, alizimia baada ya kudungwa sindano. Tulihangaika naye hadi akafumbua macho. Aliyemdunga ni muuguzi mgeni, binti tunayemwita Kimya. Daktari aliagiza vipimo 14 vya insulini, ile dawa ya kushusha sukari. Yeye alitoa 40. Wote wakasema binti hajui kusoma.

Lakini aliyeandika 40 ni mimi. Nilinakili agizo kwenye karatasi ya wodi huku nikijibu simu. Siku hiyohiyo niliichomoa ile karatasi kwenye faili, nikaitia mfukoni mwa sare. Nilitembea nayo siku tatu. Na kila asubuhi nilisimama mbele ya wauguzi nikiwahimiza, kama kawaida yangu, wakikosea waseme.

Siku ya nne tuliitwa kwa mganga mkuu. Kimya alikaa karibu na mlango, mikono mapajani. Barua ya kumfukuza ilikuwa mezani, imebaki sahihi yangu tu.

"Tia sahihi, dada, tumalize," mganga mkuu akaniambia.

Nikashika kalamu. Kimya akasema taratibu, "Dada, niliisoma mara mbili. Ilikuwa arobaini." Hakuwa ananilaumu. Alikuwa ameanza kuyatilia shaka macho yake mwenyewe.

Nikaiweka kalamu chini, Shangazi. Nikaitoa karatasi, nikaikunjua juu ya ile barua. "Huu ni mwandiko wangu," nikasema. "Na aliyeificha ni mimi."

Kimya alibaki kazini. Mimi nilivuliwa usimamizi. Nilikwenda kumwomba radhi yule fundi. Akageukia ukutani, na sikuona cha kumlaumu.

Kesho yake niliingia kazini nimejikunyata, nikingoja minong'ono. Muuguzi mkongwe kuliko sote akanifuata chumba cha dawa, akafunga mlango. "Jana nilimruka mgonjwa wa kitanda cha pili, sikumpa dawa yake," akasema. "Nisindikize kwa daktari."

Miaka minane nimewahubiria ukweli, na hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu kuniletea kosa lake kwa hiari. Tukaenda.

Baba hajui bado. Tafadhali usimwambie, nitamweleza mwenyewe Jumapili, ana kwa ana. Naiogopa siku hiyo kuliko nilivyomwogopa mganga mkuu.

Msalimie sana mjomba, na wale mapacha uwabusu. Mungu awafunike kwa rehema zake, atukutanishe tukiwa wazima.

Binti wa kaka yako akupendaye,
Kasuku