Shule Juu ya Malka

Jumatatu, 24 Februari 1958

Nimeficha jambo moja kwa miaka minne. Kiwanja cha shule hakikuchaguliwa na wafadhili. Nilikichagua mimi.

Kifua hiki hakitanifikisha masika. Basi naandika sasa, kalamu ikiwa bado inashikika.

Kila mtu hapa anajua shule imekaa juu ya malka, njia ya ng'ombe wa Waorma kushukia mtoni wakati wa kiangazi. Na kila mtu husema: wazungu wa watu, hawakujua. Mkalimani wao nilikuwa mimi. Nimewaacha watu waseme hivyo.

Jumatano, 26 Februari

Joto. Dinah, binti yangu, karudi kutoka darasani na habari: wafadhili wanakuja Jumamosi kupima vyumba vinne vipya na bweni la wasichana. Yeye ndiye atakayelisimamia. Alipika huku akiimba. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu mafuriko ya Novemba, maji yalipoingia madarasani, vitabu vikavimba kama mikate.

Mahali ng'ombe wanaposhukia ndipo maji yanapopandia. Mtoto yeyote wa Kipokomo kama sisi analijua hilo. Nami nililijua.

Sasa bweni litaziba upenyo wa mwisho wa ng'ombe, kando ya ua wa shule.

Alhamisi, 27 Februari

Abduba alikuja kunijulia hali. Mzee wa Waorma, rika langu. Mjukuu wake Kaltuma yuko darasa la tatu. Alisimama mlangoni, fimbo mabegani.

"Mwalimu, iko hai? Mimi nasikia wewe nakufa mara mbili."

Nikamwambia ya tatu naitafutia siku nzuri. Akacheka, kisha akaacha. Ng'ombe wake wanalala chini hawaamki tena. Kuzunguka hadi kijiji cha Hewani kunywa maji hawawezi. Jumamosi atawapitisha malka — ua ukiwepo, watapita juu ya ua.

"Shule mimi nataka, Mwalimu. Kaltuma nasomea mimi barua yote. Lakini ng'ombe hajui soma kibao."

Akauliza: yule mzungu aliyepima kiwanja hakuona alama za kwato? Ardhi yote ilikuwa kwato.

Nikakohoa. Kikohozi kilikuwa cha kweli, ila nilikirefusha.

Ijumaa, 28 Februari

Vijana wananoa mapanga nyuma ya nyumba yangu. Charo, anayelima mpunga jirani na shule, ndiye mwenye sauti: waje hao wanywa maziwa, kesho tutawanywesha vumbi. Wenzake wakacheka. Dinah akatoka kuwafokea. Wakamjibu kwa adabu kabisa: "Mwalimu Dinah, si tunalinda bweni lako?"

Alirudi ndani, akafunga dirisha.

Nikisema, wafadhili watafunga mizigo yao. Nani humjengea mwongo? Watoto watarudi kuandika kwenye mchanga, kama tulivyoanza. Nisiposema, Charo ana panga, na mtoto wa Abduba ana mkuki.

Sikula.

Jumamosi, 1 Machi

Naandika ndani ya ua wa shule. Nimebebwa pamoja na kitanda changu — Dinah alikataa, nikasema nitatambaa.

Ua bado umefungwa. Ng'ombe wamesimama nje, wameyanusa maji, wanalia. Abduba yuko mbele yao. Charo na wenzake huku ndani, mapanga kwapani. Katikati yupo Bwana Lind wa wafadhili, ndiye yule yule wa mara ya kwanza, na kamba yake ya kupimia.

Nilisema. Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi wasogee. Nikasema kosa si la mgeni huyu. Njia niliijua, na hapa nilimleta mimi, nikimwonyesha kwa bakora hii.

Charo alinitazama kama mtu aliyekanyaga mwiba. Abduba akauliza polepole:

"Sababu nini, Laban?"

Miaka yote ameniita Mwalimu.

Nikajibu kwamba nilitaka shule iwe karibu na watoto. Hata pale, kitandani, nilijibu hivyo.

Dinah alikuwa akimtafsiria mgeni. Mgeni alifikiri, akajibu kwa maneno mengi, akionyesha kule juu nyuma ya kanisa, ambako maji hayajawahi kufika. Nilimwelewa kabla ya Dinah kufungua kinywa. Nikaomba kikohozi kije, hakikuja.

"Baba," Dinah akasema, "anasema wao walikuwa wamekwisha kupapenda kule juu. Wakapaacha kwa heshima, kwa ajili ya makaburi ya wazee wetu." Akakunja uso. "Makaburi gani, Baba?"

Charo aligeuka kutazama kule juu. Abduba hakugeuka. Alinitazama mimi.

Nikasema hakuna makaburi. Hajazikwa mtu pale. Ni migomba yangu tu.