Kocha alinishika mkono nikalia

Wachuka nimeaibika! Bado niko ndani ya gari hapa nje ya klabu ya gofu, hata siwezi kuwasha.

Nimelia mbele ya kocha. Nimelia, Wachuka! Na ni siku ya pili tu ya kufunzwa.

Ati nashika fimbo kama mtu anachinja kuku. "Mama, ukikaza vidole hivyo, kifundo cha mkono hakiwezi kujikunja. Legeza kidogo."

Sikuweza. Basi akashika mkono yangu, akafungua vidole moja moja, polepole.

Tangu tumzike bwanangu Ndirangu ni miaka mbili. Hakuna mtu amewahi kunishika mkono hivyo, ni salamu za kanisa tu. Machozi ikatoka yenyewe.

"Nimekuumiza?"

Nikamwambia ati ni baridi yabisi. Baridi yabisi, Wachuka! Maskini akakimbia kuniletea maji.

Nikabaki peke yangu, nikapiga vile alikuwa amenionyesha, vidole zimelegea. Kifundo ikajikunja vizuri, mpira ikapaa moja kwa moja mpaka karibu na bendera!

Nikageuka haraka nikicheka, nione nani ameona.

Hakukuwa na mtu.